Kete Zinazosema Ta

Mwaka wa sabini na nne sukari ilikuwa ikionekana Tabora kama mwezi mwandamo: mmoja anaapa ameiona, kumi wanabisha. Shomari wa Kanyenye hakujishughulisha nayo sana. Alikuwa mkereza, mtoto wa mkereza, na tangu apate akili alikuwa amekalia keezo yake, mtambo wa kuzungushia mti, akikereza matendegu, ile miguu ya vitanda. Mtu wa Kanyenye akizaliwa, akioa, akiugua au akifa, yote yalimkuta juu ya matendegu ya Shomari.

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, Mzee Wenceslaus aliingia uani kwake ameshika leso kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Mzee huyu alikuwa karani mstaafu, Mkatoliki wa benchi la mbele, mtu ambaye suruali yake ilipigwa pasi mpaka mkunjo ukaweza kukata mkate.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Funga mlango."

Shomari akafunga. Mzee akaifungua leso. Ndani mlikuwa na kidude cha duara, chekundu, kipana kuliko shilingi, chenye madoa meupe ukingoni.

"Hii ni kete ya poka," mzee akasema kwa sauti ya mtu anayetaja jina la marehemu. "Ni mchezo wa karata. Yule Mgiriki wa tumbaku alikuwa na sanduku zima la kete. Alipofungasha virago akaondoka nalo, ila hii moja ilikuwa imeangukia chini ya kochi. Tangu siku hiyo mimi na wenzangu watatu tunachezea maharage."

"Maharage yana ubaya gani?"

"Mwenzetu Masolwa anakuja nayo mfukoni kutoka kwake. Anafungwa mchezo wa kwanza mpaka wa nne, lakini lundo lake halipungui! Na juzi mke wangu aliyapika."

Shomari akakuna kidevu. "Mzee, mimi kamari siigusi. Ni haramu."

"Hakuna anayeweka pesa, fundi. Anayefungwa ananunua karanga. Karanga nazo ni haramu?"

Shomari alifikiri, asikumbuke darasa lolote lililokataza karanga.

"Basi nataka mia na ishirini," mzee akaendelea. "Rangi nne, thelathini kila rangi. Kila moja iwe na alama ya simba, ili Masolwa asijitengenezee zake. Na sikiliza." Akainua kete ile juu kidogo, akaiachia ikaanguka sakafuni.

*Ta!*

"Umeisikia? Hiyo ndiyo raha yenyewe. Ikisema *pu*, sitaki. Lazima iseme *ta*."

Ujira ungekuwa msumeno wa Kijerumani, mali ya marehemu baba yake mzee, meno yote thelathini na ushee yakiwa mahali pake. Shomari, ambaye msumeno wake ulikuwa umebaki na meno kama ya ajuza, akakubali pale pale.

Alianza na mninga, maana ndio aliouzoea. Akakereza mche mrefu, mviringo, laini, kisha akaukata vipande kama mtu anayekata tango. Akavipaka rangi, akampelekea mzee vitano. Mzee akaangusha kimoja sakafuni.

*Pu.*

Akatikisa kichwa kama daktari anayetoka wodini. "Nyepesi mno, fundi."

Shomari akageukia udongo. Alichimba wa kichuguu, akaukanda siku nzima, akaukata kwa kifuniko cha kopo, akazipanga kete sitini juu ya ungo zikauke kabla ya kuchomwa. Kisha akaenda msikitini. Aliporudi alikuta kumi na moja.

"Mwanajuma! Kete zangu ziko wapi?"

Mwanajuma, mkewe, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, alikuwa ameketi kibarazani na jirani zake wawili wenye hali kama yake. Wote watatu walikuwa na vumbi midomoni.

"Zile za duara?" akauliza.

"Hizo hizo!"

"Baba Abbasi, si ungesema ni kete! Sisi tulidhani umetuletea udongo wa kula. Tena nilikuwa nakusifu hapa, nikasema mume wangu ana huruma, mpaka amenikatia vipande."

Jirani mmoja akajifuta mdomo kwa upande wa khanga. "Tunashukuru sana, shemeji. Ila siku nyingine zikaushe vizuri, za katikati zilikuwa bado mbichi."

Mtu atamgombezaje mwenye mimba? Zile kumi na moja Shomari akaziacha pale pale kwenye ungo, na hazikufika magharibi.

Jaribio la tatu lilikuwa nta. Tabora nta haina shida, mizinga imejaa msituni. Akaiyeyusha, akaichanganya na majivu na vumbi jekundu la barabarani, akaimimina kwenye vifuniko. Zikatoka nzuri, zikang'aa, na zilipogongana zilikaribia sana kusema *ta*. Jumamosi alasiri akazipeleka mwenyewe kwenye baraza ya Mzee Wenceslaus, wazee wanne wakakaa mezani, karata zikagawanywa.

Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na jua la Oktoba Tabora halina urafiki na nta. Kwanza vidole vilianza kuzama kwenye kete. Kisha simba wote wakawa nyani. Halafu akaja nyuki mmoja, akanusa, akaondoka. Wazee wakaendelea kucheza. Hawakujua kwamba amekwenda kuwaita ndugu zake.

Kundi lilipofika, wazee watatu na Shomari walijikuta ndani ya nyumba bila kukumbuka wamepita mlango gani. Masolwa peke yake alibaki mezani, karata amezibana kifuani.

"Rudini!" alipiga kelele. "Nina ree nne! Ree nne, karata kubwa kuliko zote, mara ya kwanza tangu uhuru!"

"Tunakuamini, Masolwa!" Mzee Wenceslaus akajibu kupitia dirishani. "Kimbia!"

"Nikikimbia mtasema hatukumaliza! Njooni kwanza mzione!"

Hawakwenda. Masolwa alikaa na ree zake nne mpaka uso ukawa kama boga, na kwa wiki kadhaa watu wa mtaani kwake walikuwa wakimkaribisha mjini kama mgeni.

Shomari alirudi nyumbani amekata tamaa. Akaketi kwenye keezo, akachukua kipande cha mpingo alichokusudia kukifanya mchi, akakikata ncha iliyopinda. Ncha ikaanguka kwenye jiwe.

*Ta!*

Akaiokota, akaiangusha tena. *Ta!* Akamwita Mwanajuma aje asikie. Mwanajuma akaja, akasikia, akauliza kama inaliwa.

Shida ikawa moja tu: mpingo wote ni mweusi, na mzee anataka rangi nne. Hapo ndipo Shomari alipoonyesha kwamba ukereza ni wa kurithi. Kila kete aliitoboa katikati kwa keekee, akaitia jicho. Za kwanza akazitia jicho jeupe la mfupa wa ng'ombe, za pili jekundu la mninga, za tatu la shaba aliyoikata kwenye bomba bovu, za nne la buluu, la kandambili iliyokatika. Alama akaichora kwa msumari wa moto, pembeni ya jicho. Mzee alipoletewa ya kwanza aliisogeza karibu na miwani.

"Huyu ni mbuzi."

"Ni simba, mzee."

"Mbona ana ndevu?"

"Ni manywele yake. Yameteremka kidogo."

Mzee akaiangusha sakafuni. *Ta!* Akafumba macho. "Mbuzi basi," akasema. "Malizia zote."

Alipozimaliza, Shomari alizipaka mafuta, akazitandaza mkekani uani. Alikuwa akizitazama kama baba anayetazama wanawe wamenyoa kwa ajili ya Idi, ndipo aliposikia hodi ya mlango ambao tayari umefunguliwa. Hodi ya namna hiyo ilikuwa ya mtu mmoja tu: Bi Siwema, balozi wa nyumba kumi, mama wa makamo aliyeweza kunusa mkutano wa siri kutoka mtaa wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Kisha macho yakafika mkekani, na lile neno mwanangu likageuka. "Ndugu Shomari. Vitu gani hivi?"

Shomari akayapima majibu haraka. Akisema kete, ataulizwa za nini. Akisema karata, ni kamari. Akisema pesa, ndiyo mbaya zaidi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Vibao vya foleni, mama."

"Vya foleni?"

"Ya sukari. Niliona watu wanawekeana mawe na ndala kushika nafasi, halafu yanapigwa mateke. Nikasema kila mtu apewe kibao, akifika dirishani anakirudisha."

Bi Siwema akainama, akaokota kimoja, akakigeuza. Shomari akaomba ardhi ipasuke. Badala yake, macho ya Bi Siwema yakajaa machozi.

"Na mbuzi umemweka," akasema. "Alama ya ufugaji. Ndugu Shomari, kujitegemea ndiko huku!"

Akavua khanga ya mabegani, akazifunga zote mia na ishirini, akaondoka nazo kwa niaba ya taifa.

Mzee Wenceslaus alipopewa habari alivua miwani, akaifuta kwa leso. Kisha akauliza, "Hizo kete anapewa nani?"

"Yeyote anayepanga foleni ya sukari, mzee. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa."

"Basi tutapanga foleni."

Na kweli wakapanga. Wazee wanne wenye heshima zao walifika duka la ushirika asubuhi, wakapokea kete nne, wakasogea na watu taratibu, na wakati wa kukaribia dirisha, badala ya kurudisha kete na kununua sukari, wakaaga watu kwa adabu na kwenda zao. Siku iliyofuata Masolwa aliona mambo yanakwenda polepole. Akapita mara ya kwanza na kofia ya pama, mara ya pili na miwani ya jua, mara ya tatu na kanzu aliyoazima kwa Shomari. Kwa kuwa uso wake ulikuwa haujanywea sawasawa, kila mara alionekana mtu mwingine.

Baada ya wiki tatu Bi Siwema akaja kwa Shomari anahema.

"Vibao vinapungua! Nimebakiwa na hamsini. Unajua ni nani? Walanguzi! Wamemaliza kulangua sukari, sasa wanalangua foleni!"

"Watu wabaya hao, mama," Shomari akasema huku akitazama vidole vyake vya miguu.

"Nitengenezee vingine sabini."

Shomari akatengeneza. Mpingo ukaisha, kandambili za Mwanajuma zikaisha pia. Usiku alijigeuza kitandani akifikiri: nikereze kwa huyu, viibwe na wale, nikereze tena. Lakini kumwambia Bi Siwema ukweli hakuthubutu, na kumkatalia Mzee Wenceslaus ilikuwa kuukataa msumeno.

Jumamosi moja mzee akamwita aje kuuchukua, kwa kuwa kete mia na ishirini zilikuwa zimetimia. Shomari alikuta baraza imejaa furaha. Kete zimepangwa minara minara, kila mzee anaziangusha hata pasipo sababu, *ta, ta, ta*. Masolwa alikuwa amefungwa mara sita mfululizo na safari hii lundo lake lilipungua, jambo lililowafurahisha wote isipokuwa yeye.

"Hodi!"

Lango lilikuwa limeshafunguliwa. Bi Siwema alisimama pale amevaa khanga za mkutano, mkononi ameshika karatasi yenye muhuri.

"Wazee wangu," akaanza, bila kutazama meza, "nimeleta barua ya pongezi. Nimewaona mkipanga foleni na wananchi, na mkifika dirishani mnaondoka mikono mitupu ili sukari iwafae wengine. Jana nimewataja mbele ya kata nzima. Watu walipiga mak..."

Kete moja ikamponyoka Masolwa. *Ta!* Ikaviringika mpaka kwenye mguu wa Bi Siwema, ikalala chali, mbuzi juu.

Bi Siwema akatazama mbuzi, akatazama minara, akatazama karata. Mwisho akamtazama Shomari, na Shomari akaona ni afadhali wale nyuki. Akasema yote: leso, Mgiriki, maharage, udongo, uongo wa mkekani.

"Mnacheza kwa pesa?" Bi Siwema akauliza.

"Kwa karanga, mama," wakajibu wazee kwa pamoja, kama wanafunzi.

Bi Siwema akaitazama ile barua. Aliyeiandika ni yeye, hotuba ameshatoa, makofi ameshapigiwa. Akiirarua atawaeleza nini watu wa kata?

"Barua hii itabandikwa dukani," akasema hatimaye. "Na nyinyi mtakuwa hivyo hivyo kama ilivyosema. Miezi mitatu hakuna atakayenunua sukari. Mtapanga foleni, mtarudisha vibao, mtaondoka. Mkitabasamu."

"Mama, na chai?" Masolwa akauliza kwa unyonge.

"Kunyweni na hizo karanga zenu."

Shomari aliamriwa azitie pengo kwa tupa kete zote za foleni, ili zisichanganyike tena na za wazee. Msumeno aliupata, na lawama aliipata pia, lakini sifa ya vibao vyake ilimzidi mbio. Mwezi haukuisha kabla ya barua kufika kutoka Bukene, balozi mmoja wa huko akiomba vibao sitini vya mbuzi.

Akavipeleka mwenyewe kwa treni. Alipofika dukani alikuta foleni imeshapangwa, imezunguka nyumba. Balozi akagawa vibao, na papo hapo watu wakaanza kuvigonganisha, *ta, ta*, wakicheka. Shomari akamsogelea mtu wa mbele, mkulima mwenye kofia ya ukindu.

"Ndugu, leo kimekuja nini? Sukari au khanga?"

"Hapa? Duka hili limefungwa tangu mwezi uliopita."

"Sasa foleni ya nini?"

Mtu yule akamwonyesha kibao kiganjani, kwa majivuno. "Ya hivi. Mimi nimepata cha shaba. Wewe umepata cha nini?"

Shomari akaketi juu ya mzigo wake, akacheka mpaka treni ya kurudi ikamwacha.