Ulimi wa Baba Suzan

Watu wa hapa Murukulazo wanapenda kuniambia nimshukuru Mungu. Namshukuru, wala sihitaji kukumbushwa kila Jumapili nje ya kanisa. Mume wangu Danstan aliugua kansa ya koo, akapigwa mionzi Mwanza mara thelathini na tano, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Daktari alisema kansa imekwisha. Ni miaka miwili sasa, na kilichobaki baada ya kansa hakuna anayekiulizia.

Kilichobaki ni shingo iliyokakamaa, mdomo usio na mate, na chupa ya maji anayokwenda nayo hadi shambani ili aweze kumeza na kuongea. Hayo kila mtu anayaona. Jingine nililigundua mwenyewe, siku niliyosahau kutia chumvi kwenye maharage. Nilipoonja yangu nikataka kumpokonya sahani, lakini alikuwa ameshamaliza.

"Leo umepika vizuri, Mama Suzan," akasema.

Nilikwenda jikoni nikalia. Sikumwambia kitu, naye hakuniambia.

Angekuwa mtu mwingine, labda ningeliacha lipite. Lakini Danstan ndiye aliyekuwa akitutengenezea rubisi, pombe ya ndizi, kwa miaka thelathini. Ndizi anaziivisha mwenyewe, anazikamua kwa nyasi, anatia mtama uliokaangwa, halafu anafunika mtumbwi wa mti wa kuchachushia kwa majani ya mgomba. Wengine huhesabu siku, wakifika hesabu yao wanaitoa pombe. Yeye alionja asubuhi na jioni, na ulimi wake ndio uliosema sasa itolewe. Kabla yake hakuna aliyeonja, hata mimi.

Tangu Mwanza alikuwa hajagusa mtumbwi. Kisha wakaja watu wa Kaniha kumposa Suzan, binti yetu wa kwanza, na siku ya kupokea mahari ikapangwa iwe Jumamosi. Nilimwambia pombe tuichukue kwa Bonifasia, jirani yetu, kwa kuwa yeye Danstan bado hajapata nguvu. Aliniangalia kama niliyemtukana.

"Mahari ya mwanangu wageni wanywe pombe ya mtu mwingine? Mimi nimekufa?"

Nikamsafishia mtumbwi. Ningefanya nini?

Wiki ile jua lilikuwa kali kuliko kawaida, na joto huichachusha pombe haraka. Nilimwona akienda mtumbwini asubuhi na jioni, akichota kwa kata, akionja, akitikisa kichwa kama anayeafiki. Kumbe alikuwa anahesabu siku tu, kama wale aliokuwa akiwacheka. Ijumaa jioni, alipokwenda kuoga, nikafunua jani nikaonja. Ilikuwa imechachuka. Ukali wake ulinikaza mashavu.

Bado palikuwa na muda. Kwa Bonifasia kulikuwa na rubisi nzuri, na ningeweza kutuma watu wakaibebe saa ile ile. Ila kwanza ilibidi nimwambie. Nilikwenda hadi nyuma ya nyumba, nikamsikia anaimba akijimwagia maji, kwa sauti ile iliyokwaruzika, anakatiza kila baada ya maneno mawili kumeza maji ya chupa. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu augue. Nikageuka nikarudi ndani. Nilijifariji kwamba wageni huwa na adabu.

Na kweli walikuwa na adabu. Chungu kiliwekwa katikati na mirija ikachomekwa. Kwetu baba wa nyumba hunywa kwanza mbele ya wageni na kuisemea pombe yake. Danstan akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Karibuni, hii nimeitengeneza kwa mkono wangu." Mzee Shibuda, baba wa kijana, akavuta mrija. Nilimwona macho yakimtoka machozi kidogo. Akameza.

"Pombe nzuri, mkwe," akasema.

Wengine wakavuta kidogo kidogo, wakasifu, kisha mmoja akaomba soda kwa ajili ya tumbo lake, na mwingine naye. Mambo ya mahari yalikwenda vizuri. Ng'ombe walikubaliwa, Suzan akapiga magoti akawasalimia wakwe zake, nikapiga vigelegele. Wageni wakaaga mapema.

Nilipotoka kukusanya vyombo nilimkuta Danstan ameinama juu ya chungu. Katika nyumba hii hakikuwahi kubaki chungu chenye pombe. Watu walikuwa wanakitikisa mpaka tone la mwisho na kuulizia kingine. Hiki kilikuwa kimejaa.

"Uliionja?" akauliza bila kuinuka.

Ningeweza kukana. "Niliionja."

"Lini?"

"Jana jioni."

Akanywa maji kwenye chupa yake. Alichukua muda mrefu kumeza.

"Mimi nilikuficha kwa sababu ya aibu," akasema. "Wewe ulinificha kwa sababu gani, Tecla?"

Hakuwa ameniita Tecla tangu tuzae. Nilimwambia kwamba nilimsikia akiimba, na hapo hapo nikaona jinsi sababu hiyo ilivyo ndogo. Nilikuwa nimemwacha peke yake mbele ya wakwe zake, ananywa siki na kuwakaribisha wageni, nami nimesimama pale nikitazama. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe wala hakukataa.

Alikaa chini, akavuta mrija, akaishika pombe mdomoni kitambo kirefu huku amefumba macho. Kisha akaitema majanini.

"Maji," akasema. "Kila kitu ni maji. Ilikuwaje?"

"Kali. Inakaza mashavu, halafu inachoma hapa."

"Na ile ya ubatizo wa Suzan? Unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Nielezee."

Nikakaa karibu naye. Nikamwambia ilianza na utamu wa ndizi, mwepesi, ungedhani ni togwa tu, kisha mtama ukaja taratibu nyuma yake, na ulipomeza ulibaki na joto kifuani na hamu ya kurudi kwenye mrija. Alisikiliza akiwa amenigeukia mwili mzima kwa sababu shingo yake haigeuki. Midomo yake ilikuwa ikicheza, kama mtu anayetafuna.

Nilipomaliza akasema, "Rudia pale kwenye mtama."

Nikarudia.