Subiri Bei Ishuke

Mimi ni fundi wa sola, na ulimi wangu umelisha watoto wangu kuliko bisibisi. Mteja akiishika paneli akasita, namwambia, "Chukua leo, kesho inapanda." Uongo mtupu. Tangu nianze kazi hii, bei ya paneli haijui kingine ila kushuka. Mwaka ule wa kwanza, paneli ya kuwasha nyumba ya vyumba viwili ilikuwa bei ya pikipiki. Baadaye ikawa bei ya baiskeli. Siku hizi ni jozi ya viatu, tena vya mtumba.

Ukweli nilimwambia mtu mmoja tu: mama yangu.

Alishona sare za shule. Giza likiingia, alisogeza kibatari karibu na cherehani mpaka akakohoa.

"Kinyozi hajinyoi, sawa," alinitania. "Na mama yake je?"

"Subiri kidogo, mama. Mwakani itakuwa nusu bei."

Mwakani ikafika, na kweli ikawa nusu. Nikaona, mbona nisingoje na hiyo nusu ikatwe tena? Nilijiona mjanja. Wateja niliowadanganya walikuwa wanakula kwenye mwanga. Mama niliyemwambia kweli alikuwa anapapasa sindano.

Alianza kuniomba nimtungie uzi. Kisha mzazi mmoja akarudisha shati lenye mikono yote miwili ya kushoto, tukacheka, Mungu anisamehe. Tulipofika hospitali, daktari alisema ni presha ya macho na tumechelewa. Akasema kibatari hakikuhusika. Haikunisaidia kitu. Miaka ya mwisho ya macho yake aliimaliza akikodolea moshi, huku stoo kwangu paneli zimepangwa hadi dari.

Juzi nilipanda paani kwake bila kuambiwa. Nikafunga paneli kubwa kuliko zote, nikashusha waya, nikaweka taa juu ya cherehani. Alikaa kwenye kiti chake akisikiliza nyundo.

"Safari hii bei gani?" akauliza.

Nikamtajia. Akatabasamu.

"Kumbe hukunidanganya, mwanangu. Imeshuka kweli."

Nilikuwa nakusanya vipande vya nyaya, siwezi kuinua uso. Mama akajiweka sawa kitini, akapangusa meza ya cherehani kwa kiganja.

"Haya basi," akasema. "Washa."

Taa ilikuwa tayari inamwakia usoni.