Wino wa Komanda

Watu wa Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, wanasema Ramla ana mkono wa birika. Wala hawamsengenyi, wanamwambia usoni, naye anacheka. Ukimpelekea kazi akuchapishie, kwanza atakuuliza kama kweli unaihitaji. Ukisema ndiyo, atakuuliza kama haiwezi kukaa yote kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Halafu atakwambia urudi saa sita mchana, jua likikolea kwenye paneli yake, maana printa ya leza ni kama jiko la mkaa: kinachomaliza mkaa ni kuliwasha, si kupika. Kwa hiyo hukusanya kazi za asubuhi nzima, huiwasha mashine mara moja, na kuzichapa zote kwa mkupuo.

Karatasi zake hazilali ndani ya mashine. Unyevu wa mto Lualaba huzilainisha, na karatasi laini hukwama. Hulala kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na kifuko cha mchele mkavu. Printa yenyewe hufunikwa kitenge, hufutwa kwa kitambaa kikavu, na kila kitu huchapwa kwa ile hali ya kubana wino, herufi nyembamba za kijivu, hata kama ni cheti cha ubatizo. Wino wa printa hizi ni unga mweusi, na unga huo hukaa ndani ya kasha refu ambalo Kindu nzima inaliita kartushi. Taa ikiwaka kusema unga umekwisha, Ramla haiamini. Huitoa kartushi, huilaza juu ya viganja, huitikisa kushoto na kulia mara tano, taratibu, sikio lake karibu, kama mtu anayepima kopo la chumvi kama limebaki na kitu. Huirudisha, na mashine hukubali kurasa mia nyingine. Kartushi mpya aliyoletewa kutoka Goma ina miaka minne juu ya rafu, haijafunguliwa. Akiba haiozi, husema yeye.

Wanamcheka kwa sababu hawajui alijifunzia wapi. Alijifunzia kifungoni.

Mwaka 2002 mji ulikuwa umefungwa. Wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa nje, msituni na njiani. Askari wa uasi walikuwa ndani. Raia walikuwa katikati, na mashamba yao yalikuwa kule wasikoweza kufika. Hakuna aliyetoka Kindu bila karatasi ya ruhusa, na karatasi hizo zilitoka nyumba moja karibu na stesheni, kwa mkubwa wa askari ambaye watu walimwita Komanda, basi. Komanda alikuwa na printa ya leza iliyonyakuliwa kwenye ofisi fulani, lakini hakuwa na mtu wa kuitumia. Akaambiwa kuna msichana wa Mikelenge, mtoto wa mjane, amesomea usekretari. Askari wawili wakaja kumchukua akiwa anachambua majani ya muhogo, sombe, uani na mama yake. Alikuwa na miaka ishirini.

Alipewa stoo ya nyuma alale humo, na ua wa mabati kuizunguka nyumba, na askari getini. Komanda hakumgusa, tumpe haki yake, maana ni hiyo moja tu. Alimhesabu miongoni mwa vyombo. Siku ya kwanza alimwonyesha mashine, akamwonyesha kartushi moja iliyokuwamo, akasema hakuna nyingine na haitapatikana nyingine.

"Siku wino itaisha," akamwambia, "utarudi kwenu."

Ramla aliliamini neno hilo kwa wiki tatu. Alichapa ruhusa nzito, nyeusi, zenye mistari minene pembeni, apate kuumaliza wino upesi. Nyumbani humo alikuwamo mpishi, Dieumerci, kijana mwenye mdomo, aliyekuwa akimpitishia ukoko wa bugali dirishani na kumcheka anavyoisikiliza kartushi kila asubuhi kujua imebaki kiasi gani. Naye alikuwa ameahidiwa: mafuta ya mawese yakiisha, utarudi kwenu. Mafuta yakaisha. Mchana mmoja askari wawili wakatoka naye getini, kuelekea mtoni. Haukupita muda Ramla akasikia mlio wa risasi, mmoja tu. Alipokwenda kuchota maji aliona sandali za Dieumerci, zile za matairi, ziko palepale kwenye mlango wa jiko. Mtu anayerudi kwao huvaa viatu vyake. Wiki iliyofuata sabuni ikaisha, na Francine, mfuaji nguo, naye hakuonekana tena.

Hapo Ramla akajua "kwenu" ya Komanda iko wapi. Maisha yake yalikuwa ndani ya lile kasha, na yalikuwa unga.

Basi akaanza kubana. Ruhusa zilizokuwa zikichukua ukurasa mzima akazifanya nne kwa ukurasa, akizikata kwa wembe. Mistari minene akaitoa. Herufi akazipunguza mpaka zikawa kama nyayo za sisimizi, na Komanda alipolalamika, alimwambia kwa uso mkavu kwamba ofisi zote za Ulaya sasa zinaandika hivyo. Komanda akafurahi. Ramla aliipata ile hali ya kubana wino bila kufundishwa na mtu, kwa kubofya kila kitu. Alijifunza kwamba kartushi ikitikiswa huamka, ikiachwa juani hufa, na unga ukimwagika nguoni hufuliwa kwa maji baridi, maana ya moto huugandisha. Unga uliotosha miezi mitatu ulikwenda kumi na mmoja. Kujichapia ruhusa mwenyewe hakukuwa na maana: muhuri ulikuwa mfukoni mwa Komanda, usiku na mchana.

Kila Ijumaa, baada ya sala, mama yake alikuja kusimama nje ya ua. Askari wa getini alimwachia dakika chache. Hakumwona binti yake. Alimsikia tu kupitia bati. Alikuwa anaijua ile ahadi, kwa sababu Ramla alimwambia siku za mwanzo, alipokuwa bado anaiamini. Kwa hiyo swali lake lilikuwa moja.

"Wino iliisha?"

"Bado, mama."

"Mungu aimalize."

Ramla angemwambia nini? Kwamba anaubana wino kwa makusudi? Kwamba siku utakapoisha watampeleka mtoni? Askari alikuwa anasikiliza, na mama alikuwa na moyo uliochoka. Akaacha mama aombe wino uishe, naye huku ndani akaomba usiishe, na dua zote mbili zikaenda kwa Mungu mmoja. Kila Ijumaa sauti ya ng'ambo ya bati ilikuwa nyembamba kuliko Ijumaa iliyopita. Mjini watu walikuwa wanakula majani yasiyo na jina. Mwezi wa saba wa kifungo chake mama hakuja. Ijumaa ya pili alikuja jirani, akasema kupitia bati kwamba mama yake, Bi Jamila, ameshazikwa, na kwamba alikuwa akiulizia wino mpaka mwisho. Ramla aliomba saa moja tu akaone kaburi. Komanda akauliza printa itabaki na nani. Siku hiyo alichapa ruhusa arobaini, za kijivu, zote zinasomeka.

Askari walipoondoka mwaka uliofuata, Ramla alitoka getini kwa miguu yake, na kartushi ilikuwa bado inatoa herufi. Katika msiba wake wote alilishika jambo hilo kama mtu anavyoshika mti mafurikoni: hakumzika mama, lakini yeye yu hai, na yu hai kwa sababu alibana. Kama angelegeza mkono, mama angekufa hata hivyo, na mtoni kungekuwa na jozi nyingine ya sandali. Kwa miaka ishirini na zaidi alilala juu ya hesabu hiyo. Aliishi katika nyumba ya mama, akanunua printa yake, akaizungushia nyumba ua, na hakuwa mtu wa kutoka. Wakimwalika harusini husema hawezi kuiacha mashine.

Ijumaa moja ya mwaka huu, mchana, aliingia mwanaume mnene mwenye upara, mgeni kutoka Kampene, na kadi za mwaliko wa harusi ya binti yake Princesse. Alitaka sitini. Ramla akamchapia moja ya mfano. Yule bwana akaisogeza kwenye mwanga, akaiinua, akaishusha.

"Mama, hii maandishi iko mugonjwa?"

Ramla akamjibu kwamba inasomeka, na kwamba kusomeka ndiyo kazi ya maandishi. Mgeni akasema yeye anaoza binti, hatangazi msiba. Anataka herufi nyeusi, mtu azisome bila miwani. Wakavutana hivyo kwa utani, mpaka taa ya printa ikawaka. Ramla akafanya kama afanyavyo siku zote. Akaitoa kartushi, akailaza viganjani, akatikisa mara tano, akaisikiliza.

Mgeni akaiweka kadi mezani. Alipofungua tena mdomo, utani ulikuwa umemtoka.

"Kuna muntu moja tu nilimuona anasikiliza hii kitu," akasema. "Weye njo Ramla, ni weye."

Ramla alimtazama usoni, akaanza kumtoa yule kijana mwembamba ndani ya yule mnene: kwanza macho, kisha pengo la jino la juu. Akakaa juu ya ndoo ya karatasi.

"Dieumerci," akasema. "Weye ulikufa."

"Nilikufa wapi? Nani aliniua?"

Akamwuliza kuhusu ile risasi. Dieumerci hakuikumbuka, siku zile, alisema, risasi ilikuwa kama jogoo, nani alihesabu. Askari walimpeleka mtoni, wakamtafutia mtumbwi, akavuka mpaka ng'ambo, Alunguli, na kutoka huko akakata msitu mpaka Kampene, akachimba dhahabu, akaoa, akabaki. Alirudi Kindu mwezi huu tu, kwa sababu mkwe ni wa hapa. Alisimulia kama mtu anayesimulia safari ya sokoni, na Ramla alikuwa anatafuta mahali pa kumkamata uongo, kwa sababu lazima ulikuwapo.

"Sandali yako ilibaki ku mulango ya jiko."

Dieumerci akacheka mpaka akajifuta macho. "Nilisahau, mama. Wakaniambia enda, nikatoka mbio. Kwa ile furaha hata miguu ningeisahau."

Ramla akasema, polepole, kwamba Dieumerci alikuwa mwanaume, na mpishi. Hakuwa mtu aliyesoma kila jina lililotoka mjini, kama yeye Ramla. Wasingemwachia msichana wa ofisini. Aliyasema maneno hayo akimwomba, ingawa Dieumerci hakujua anaombwa nini.

"Na Francine je?" akajibu. "Sabuni iliisha, wakamurudisha. Tuko naye Kampene, anauza chumvi na samaki. Komanda alikuwa mubaya, lakini ile neno alikuwa anaishika. Mji ilikuwa na njaa, mama. Kitu ikiisha, muntu anaenda. Hakutaka kulisha mudomo ya bure."

Akaendelea kusema, maskini, juu ya harusi na mbuzi wawili. Ramla hakumsikia. Alikuwa anahesabu, na hesabu ilikuwa rahisi kuliko zote alizowahi kufanya. Kwa zile herufi nyeusi za mwanzo, wino ungeisha mwezi wa tatu. Mama alikufa mwezi wa saba. Miezi minne. Miezi minne ya kumpikia hayo majani yasiyo na jina, ya kumwosha, ya kukaa naye uani. Mama alikuwa akija kila Ijumaa kuuliza kama mlango umefunguka, na aliyekuwa ameshika kitasa kwa ndani alikuwa mwanawe. Aliona uchungu ambao hakuujua hata siku ya msiba, maana siku ile alikuwa na wa kumlaumu. Waliosema akiba haiozi hawakuwahi kuweka akiba ya namna hiyo. Ilikuwa imeoza ndani yake miaka yote, naye aliita harufu yake busara.

Hakulia. Aliinuka, akairudisha kartushi, akaenda kwenye kompyuta na kuiondoa ile alama ya kubana wino ambayo haikuwahi kuondolewa tangu siku aliponunua mashine. Akaweka herufi nene. Akaagiza kadi hamsini na tisa zilizobaki.

Zikaanza kutoka, nyeusi tii, nono, jina la Princesse likimeta kama limepakwa mafuta. Dieumerci akapiga kofi moja la furaha, akasema hii njo harusi. Ramla alisimama akiziangalia, mikono imening'inia. Kumi, ishirini, thelathini. Kwenye ya arobaini na moja ukapita mstari mweupe katikati ya jina la bibi harusi. Ya arobaini na mbili ilikuwa na nusu ya maneno. Iliyofuata ilitoka nyeupe, na taa ikawaka.

Mikono ya Ramla ikaenda yenyewe kwenye kifuniko cha mashine. Ikafika, ikasimama.

"Tikisa kidogo," akasema Dieumerci kwa upole. "Weye unajua. Itatoa tena."

Ramla akairudisha mikono yake. Akageukia mlango, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka asikike ng'ambo ya ua:

"Mama, wino iliisha."

Dieumerci naye akageuka, aone ni mama gani aliyekuja. Mlango ulikuwa wazi, na uani hapakuwa na mtu.