Kabla Makoti Hajafagia

Uji wa mahindi hauingii madonge ukiukoroga unga kwanza kwa maji baridi, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka. Hivyo ndivyo Zimkhitha alivyokuwa akiiambia simu yake Alhamisi moja ya Julai, mkono mmoja umeshika mwiko, mwingine umelizuia blanketi la mabegani lisidondokee motoni. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Ilikuwa na programu ya kuandikia: ukisema, inaandika, ukikosea, inakusahihisha, ukinyamaza, inakudokezea neno linalofuata, kiherehere kitupu. Jikoni kulikuwa na joto zuri. Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio, na usiku ulikuwa bado umejaa uwanjani, kwa sababu alikuwa hajafagia.

Alikuwa makoti wa nyumba ile, yaani mke aliyeolewa majuzi, na makoti huamka kabla ya wote. Mumewe Lundi alikuwa migodini Rustenburg, harudi mpaka Krismasi. Alibaki na wakwe zake: mzee Mbuyiselo, ambaye sote tunamwita Gatyeni kwa jina la ukoo wake, na MamDlomo, mama mkwe, naye huitwa kwa ukoo wa kwao. Yeye mwenyewe walimpa jina jipya siku ile ile waliyomvika blanketi, kama ilivyo desturi. Walimwita Nosapho. Jina la Zimkhitha lilibaki kwenye simu tu.

Alipoepua sufuria alichukua ufagio wa nyasi, akainama mlangoni, akaanza. Ufagio ulipopita, usiku uliondoka. Kizingiti kikageuka kijivu, kuku wakaonekana, halafu kamba ya nguo, halafu tangi la maji. Alilisukuma giza mbele yake pamoja na majani makavu na kinyesi cha kuku, akalitoa langoni, na jua likapanda juu ya kilima. Kisha akanawa mikono na kupakua uji.

Kwetu huku juu ya mto Tsomo asubuhi haiji kwa mkupuo. Inakuja nyumba kwa nyumba, kadiri wanawake wanavyoamka. Ukisimama ng'ambo ya mto utaona uwanja huu umekucha, ule bado, na wa tatu umefika nusu kwa sababu mtoto amelia na mama yake ameuweka ufagio chini. Jamani, ni kitu cha kutazama. Nimekitazama miaka yote hii na bado kinanifunga mdomo.

Siku moja mwezi wa Mei Zimkhitha alishikwa na homa, akashindwa kunyanyuka. Kufika saa nne majirani walikuwa wameshaanika nguo, nyumba ya Gatyeni iko gizani totoro, popo wanapita. Mzee alitoka na tochi, akagonga dirisha la makoti.

"Makoti, kuna giza huku."

"Naumwa, Baba."

"Pole sana," alisema Gatyeni, na alimaanisha kweli. Akasimama pale pale dirishani, tochi mkononi, akisubiri.

Alinyanyuka na homa yake, akafagia huku akijishikiza ukutani, na mchana ukaja. Mzee akasema afadhali, akauliza kama kuna chai.

Palikuwa na sehemu moja tu ambayo makoti hakuifagia, nayo ni inkundla, ule uwanja ulio mbele ya zizi la ng'ombe. Wanawake walioolewa hapo hawapakanyagi. Ni pa wanaume, na pa wahenga wa nyumba. Binti aliyezaliwa hapo ndiye anayeruhusiwa, na binti yao Phumeza alikuwa akipafagia kila siku, hadi Desemba alipoolewa huko Cofimvaba. Tangu Phumeza aondoke, mbele ya zizi hapajapambazuka. Saa saba mchana, jua linaunguza nguo kwenye kamba, na hatua chache tu kutoka kwenye kamba usiku umesimama wima na nyota zake zote. Ng'ombe walitoka zizini, wakapita humo, wakatokea upande wa pili wakipepesa macho. Gatyeni alinunua taa ya sola, akawa anaichaji upande wa mchana na kuitundika upande wa usiku. Chini ya taa hiyo alikaa na mdogo wake Zolile, wakinywa chai na kuilalamikia serikali.

Chai hiyo makoti aliileta mpaka mpakani, akapiga magoti kwenye mwanga na kusukuma sinia gizani. Kila mara alijikuta akiinua macho. Njia nyeupe ya nyota ilipita juu ya zizi, nyota nyingi hata zilionekana kama unga uliomwagika, na baridi ya usiku ilimpiga usoni huku jua likimchoma mgongoni. Alitamani kulia. Hakuwahi kuona uzuri wa namna ile, na ulikuwa hapo hapo nyumbani, karibu na beseni la kufulia, mahali asiporuhusiwa kuweka mguu.

"Makoti, hii umetia sukari?" sauti ya Zolile iliuliza.

"Nimetia, Baba Mdogo."

"Basi sijakoroga."

Ile simu sasa. Kuna ofisi huko Gqeberha inayowatumia wanawake maelekezo mafupi ya nyumbani: namna ya kuondoa masizi kwenye sufuria kwa majivu na ndimu, kusafisha vioo vya dirisha kwa siki na gazeti kuukuu, kukanda mandazi usiku yaumuke asubuhi. Zimkhitha alikuwa akiwaandikia tangu kabla hajaolewa. Wakwe zake walijua anachezea simu, na kwa kuwa uji haukuungua, hawakumkataza. Siku aliyoandika kuhusu kufagia alimalizia hivi: anzia mlangoni, elekea langoni, mchana utaufuata ufagio. Programu iliipigia mstari sentensi hiyo ya mwisho, ikasema haina kazi, ikauliza kama iifute. Alikataa. Wanawake walioisoma hawakuuliza chochote. Mmoja aliandika chini yake, "Kweli kabisa." Mwingine akaandika kwamba kwake mchana unakwama kwenye kona ya banda la nguruwe, afanyeje.

Alhamisi ile ile, uji ukiwa bado haujaliwa wote, Bi Jantjies wa ofisini alipiga simu.

"Dada, nakutaka hapa," alisema. "Ukurasa wote wa asubuhi uwe wako. Mapishi, usafi, kila kitu. Meza yako, mshahara wako, na jina lako juu ya kila unachoandika."

"Jina langu lipi?"

"We una mangapi? Zimkhitha, si ndiyo?"

Zimkhitha aliweka bakuli chini. Muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu kulitamka hilo jina mbele yake, na lilimgusa vibaya. Bi Jantjies akaongeza kwamba ni lazima awe ameripoti Jumanne asubuhi, kwa sababu yuko mtu mwingine anayeipigia hesabu meza hiyo, na wakubwa wamechoka kungoja. Basi la Gqeberha hupita barabarani kwetu Jumatatu alfajiri. Hakuna lingine hadi Ijumaa.

Lundi alipopigiwa simu alisema yeye hana neno, wazee wakikubali. Hivyo ndivyo Lundi alivyo, mtoto mzuri, hajapata kugombana na mtu.

Wazee walikaa Jumamosi mchana, chini ya taa, katika usiku wa mbele ya zizi. MamDlomo alikaa kwenye mkeka upande wa jua, na makoti nyuma yake kidogo, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Walizungumza kuelekea kwenye giza.

"Kazi si mbaya," alisema Gatyeni kutoka humo. "Mtoto ana akili, hilo hatubishi. Ila tuambieni, nani ataleta asubuhi?"

"Nimeandika kila kitu, Baba," alisema Zimkhitha. "Si lazima niwe mimi. Wako watu hawanijui, wanafuata niliyoandika na kwao kunakucha. Nimeyaweka kwenye simu kwa mpangilio. Hata kusoma si lazima, yenyewe inasoma kwa sauti."

"Isome tuisikie," alisema Zolile.

Akabonyeza. Sauti ya simu, ya mwanamke asiyekuwa na haraka, ilisema: "Kwanza, shika ufagio."

Ikaendelea: moto, maji, unga kwa maji baridi, ufagio kutoka mlangoni hadi langoni, usinyanyue mgongo kabla ya kufika langoni. Hakuna aliyeikatiza. Taa ilikuwa ikiwaka, nondo wakiizunguka, na ng'ombe mmoja alikohoa. Simu ilipomaliza, wanaume waliitikia kwa vichwa, kwa heshima.

"Maandishi mazuri haya," alisema Zolile.

"Yamepangika sana," alisema Gatyeni. "Hata mimi nimeelewa. Sasa nani atashika?"

"Baba, hata hapo mlipokaa," alisema Zimkhitha, "mkipafagia nyie wenyewe, patakucha leo leo."

Zolile alicheka, bila ubaya. "Sisi? Makoti, una vituko wewe. Hapa pana ubaya gani? Taa tunayo."

"Na pana ubaridi mzuri," alisema Gatyeni.

Wakakata shauri kwamba asubiri. Mtoto wao wa mwisho, aliye shule ya sekondari, akija kuoa, huyo mkewe ataushika ufagio, na Nosapho atakuwa huru kwenda popote. Walilisema kwa upole, wakamshukuru kwa chai. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na roho mbaya, na mimi hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Zimkhitha aliosha vikombe bila kuviona. MamDlomo aliingia jikoni akijivuta, magoti yake yana maji siku nyingi, akakaa kwenye kigoda na kuanza kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

"Nilipomleta Lundi duniani," alisema, "uchungu ulinishika alfajiri, nikiwa nimefika kwenye tangi. Nyuma yangu kumekucha, mbele usiku. Nikamalizia kwanza. Nilizaa jua limetoka."

Zimkhitha aliuacha mkono wake ndani ya maji. "Kumbe na kwako, Mama, ilikuwa hivi hivi?"

"Ulidhani kabla hujaja tulikuwa tunaishi gizani?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kila mtu anaona." Alitupa punje ya maharage iliyokuwa nzima kabisa. "Ulipokuja, siku ya kwanza, nilifumbua macho nikakuta ukuta wote umejaa jua. Nimelala na kumekucha! Sikuwahi. Nikalala tu pale naliangalia lile jua ukutani, machozi yananitoka. Mwanangu, sikujua kwamba linaingia mpaka kitandani."

Kisha MamDlomo akainuka kwa kushika meza, akachukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, akaenda nao chumbani kwake.

"Mama, magoti yako."

"Jumatatu usilikose basi," alisema MamDlomo kutoka chumbani. "Na vaa soksi mbili."

Jumatatu Zimkhitha alitoka na begi lake kwenye giza nene. Njia ya kuteremka hadi barabarani ina mawe na mtaro uliochimbwa na mvua. Alipapasa kwa miguu, kwa sababu aliona aibu kuwasha tochi ya simu, kama vile mwizi. Wanaume walikuwa wameshatoka ndani kwenda kukaa mbele ya zizi, aliwasikia wakikohoa. Alifika barabarani akasimama, akageuka. Moyo ulimwambia arudi. Alikwisha kulinyanyua begi arudi, hasa, na hatua ya kwanza aliipiga.

Ndipo kukaanza kukucha kwa Gatyeni. Mchana ulikuja ukichechemea. Ulitokea mlangoni, kipande kidogo cha kutosha kuku mmoja, ukasimama. Ukasogea tena, ukasimama tena, muda mrefu, hadi Zimkhitha akaziba mdomo kwa kiganja. Ukafika kwenye kamba ya nguo. Ukafika kwenye tangi, na hapo akamwona mama mkwe wake, mdogo kwa mbali, amepiga magoti kabisa, anafagia akitambaa. Kina Zolile hawakutazama. Mbele ya zizi palibaki peusi, na taa yao ndani.

MamDlomo alifika langoni, mahali ambapo kila mwanamke wa nyumba ile huishia. Hakuishia. Alitoka nje ya lango akateremka na njia, akiyafagia mawe, akiufagia mtaro, na usiku ukaachia njia nzima mbele yake, nyasi zenye barafu zikimetameta kila upande, mpaka nuru ikaja ikagusa viatu vya Zimkhitha, ikampanda magotini, ikamfika usoni. Ilikuwa ya moto. Tangu aolewe hakuwahi kupata asubuhi ambayo hakuileta yeye, na hakujua aifanyie nini, akaipokea tu amesimama, analia waziwazi. Basi lilikuwa linapanda kilima.

MamDlomo alikuwa ameegemea ufagio, anahema, hana hata nguvu ya kupunga mkono. Hewa ya baridi huleta sauti kutoka mbali, na kutoka kwenye giza la mbele ya zizi sauti ya Gatyeni iliwafikia wote wawili, ya upole kama kawaida.

"Makoti! Chai vipi?"

Mama mtu mzima yule, mwenye mvi na mkamwana, aligeuka akaanza kupanda kilima.

"Naja," alisema.