Meza ya Ukutani

Tangu Mwanabibi afariki, mumewe, mzee Mwinyimvua, hakupeleka tena sinia barazani kwa jirani yake Bwanaheri. Hapo Mtunda, Ijumaa baada ya swala kila nyumba hutoa sinia lake, wanaume wakala pamoja, huyu akimega cha yule. Mzee yeye alipita barazani kama mwenye haraka, akaenda kula chumbani. Matonge matatu, akanawa.

Bintiye Sihaba, mwalimu aliyetoka chuo mwaka uleule wa msiba, hakuwa na ulimi wa kumsemesha baba jambo kama hilo. Alifanya aliloweza: alimlipia chumba cha siku mbili Dar es Salaam, akatembee, aone watu. Kisha akamwandikia karatasi ya maelekezo, na pale stendi ya Kibiti akamsomea kabla basi halijaondoka.

"Ukishuka Mbagala usimpe mtu begi lako, hata akikuita baba mkwe. Kadi ya basi la mwendokasi inauzwa dirishani. Bodaboda, patana nauli kabla hujapanda."

"Na kula?"

"Kula unapoona madereva wamejaa, hapo chakula hakilali. Uliza bei kwanza. Halafu, baba..." Alishusha sauti. "Chukua meza ya pembeni, ya ukutani. Kule kila mtu na sahani yake."

"Kama mimi hapa," mzee alisema, akaikunja karatasi.

Basi lilipoondoka, maneno yale yalimrudia Sihaba. Mtu amechoka kula peke yake, naye amempeleka mjini akale peke yake. Siku mbili alifundisha bila kujua anafundisha nini.

Mzee alirudi Alhamisi alasiri, karatasi ina doa la mchuzi.

"Begi hukumpa mtu?"

"Nililikumbatia kama mtoto."

"Mwendokasi ulipanda?"

"Nilipanda mpaka mjini, nikatembea hadi Feri. Nikavuka na pantoni kwenda Kigamboni, nikarudi. Nikavuka tena."

"Kufuata nini?"

"Kuvuka tu. Tangu wajenge daraja la mto Rufiji pale Ndundu sijapanda pantoni. Mamako alikuwa akiogopa maji yale, basi ananishika mkono mpaka ng'ambo."

Sihaba alitazama chini. Kisha akauliza lile alilolingoja. "Ulikula lakini?"

"Nilikaa mgahawani, meza yako ya ukutani, nikaletewa wali na samaki changu. Nikautazama ukuta, ukuta ukanitazama. Tonge haliendi. Basi nikanyanyua sahani, nikaenda kwenye meza ya makuli watatu, nikaiweka katikati. Nikawaambia, karibuni."

Sihaba alijifunika uso kwa mtandio. "Baba. Dar hawafanyi hivyo."

"Nimeona. Waliacha kula wote. Mmoja akaniuliza, mzee, kwani chakula kibovu? Nikamwambia, sijakionja, tuonje wote. Akacheka, akamega. Mwenzake akasogeza maharage, wa tatu ugali. Nilikula, Sihaba. Nikaagiza tena."

Aliikunjua karatasi, akaikunja tena. "Wakaniuliza kwetu nakula na nani. Nikawaambia, na ukuta."

Kesho yake Sihaba alipika wali wa nazi na samaki perege wa kukaanga. Mzee aliporudi kutoka msikitini, mkono wa Sihaba ulikuwa umeshazoea: ulichukua sahani ile moja ya chumbani.

"Siyo hiyo," mzee alisema kutoka mlangoni. "Sinia la mamako liko wapi?"

Sihaba alilishusha kutoka juu ya kabati. Alilifuta vumbi, akalifuta tena pale palipokwisha kung'aa.

"Wali wangu haufiki wa mama, baba. Na chumvi imepungua."

"Bwanaheri atakula hata sinia lenyewe."

Mzee alilibeba mwenyewe. Sihaba alibaki uani, kijiko mkononi, akisikiliza nyayo za baba zikienda barazani, zikasimama.

"Karibuni," sauti ya mzee ilisema.

Kisha Bwanaheri: "Umetupunja mwaka mzima, wewe. Sogea huku, keti. Tena huyo perege mkubwa mgeuzie upande wangu."

Sinia lilirudi na miiba mitupu. Sihaba aliliosha, lakini hakulirudisha juu ya kabati. Aliliegemeza ukutani, karibu na meko.