Sili Iliyotazama Nje

Lazarus Ooko alikuwa fundi. Hilo alilisema mwenyewe, tena mara nyingi, kwa sababu tangu astaafu hakukuwa na mtu mwingine wa kulisema. Kwa karibu miaka thelathini alikuwa amefungua na kufunga mashine katika kiwanda kimoja cha majani chai karibu na Litein, na huko hata meneja, alipotaka kujua kama rola itaamka kesho, alimwuliza Ooko. Kisha umri ukafika. Wakamfanyia sherehe ya soda na keki, wakampa saa ya ukutani, na asubuhi iliyofuata mashine zote zikaamka bila yeye. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri. Alikuwa ametarajia angalau moja igome.

Basi akajitafutia mashine za nyumbani. Alianza na pasi ya mkewe, iliyokuwa ikichelewa kupata moto. Baada ya matengenezo iliacha kuchelewa, kwa maana iliacha kupata moto kabisa. Akaingia kwenye mfereji wa jikoni uliokuwa ukidondoka tone moja moja, na alipomaliza nao haukudondoka tena, ulitiririka, mpaka jirani akaja kufunga maji kwenye mita. Syprose, mkewe, alinunua pasi mpya akaificha kabatini chini ya vitenge, na Lazarus aliikuta huko alipokuwa akitafuta kitu kingine cha kutengeneza.

Aliyeweka ugali mezani siku hizi alikuwa Syprose. Aliuza mashuka na mapazia ya mitumba, leo Litein, kesho Chepseon, siku nyingine Silibwet, na marobota yake yalisafiri katika stesheni wagoni kuukuu aliyoinunua kwa jasho lake mwenyewe. Gari hilo lilipoanza kuacha doa la oili uani kila asubuhi, Lazarus aliingia chini yake akiwa amelalia gunia, akakaa huko kitambo, akatoka akitabasamu. Mwanamume anayefurahi kwa sababu gari la mkewe linavuja ana shida zake, lakini wakati huo yeye hakuliona hivyo.

"Ni sili ya nyuma ya krenki," alitangaza. "Ile pete ya mpira pale krenki, ule mhimili unaozungushwa na injini, inapotokea nyuma. Imezeeka. Oili inapita hapo inaingia kwa klachi. Tukiacha, klachi itateleza, na siku moja utakanyaga mafuta gari isiende."

"Basi nitapeleka kwa Kipkemboi," alisema Syprose.

Kipkemboi alikuwa na gereji karibu na stendi, na kila mtu alimsifu, jambo ambalo Lazarus aliliona kuwa dalili ya watu kutojua ufundi. Lakini siku hiyo hakupata hata nguvu ya kumsema. Aliona wazi kitakachofuata. Gari likienda kwa Kipkemboi, mfereji nao utaitiwa mtu, na baadaye hata toroli likipata pancha litapelekwa mjini, na yeye atabaki kuwa mzee wa kufungulia geti wale wenye kazi.

"Niachie mimi," alisema.

"Baba Dolphine, hii si pasi. Hii ndiyo kazi yangu."

"Najua. Hata mimi natafuta kazi."

Neno hilo lilimponyoka, na akaanza mara moja kufuta mikono kwa kitambaa ili asitazamwe. Syprose alimtazama hata hivyo. Kisha akasema soko la Silibwet lilikuwa wiki iliyofuata, kwamba wateja wake huko walikuwa wameagiza mapazia ya harusi, na kwamba akilikosa soko hilo watahamia kwa mwingine. Alimpa mpaka siku hiyo.

Lazima haki itendeke hapa: kazi yenyewe Lazarus aliifanya vizuri. Gari aliliinua kwa jeki akaliegemeza juu ya magogo ya mkaratusi. Akamwaga oili ya giaboksi, akachomoa shafti, na ilipofika saa ya kuteremsha giaboksi yenyewe akamwita jirani yake Johana, mkulima wa chai mwenye mikono mipana, wakaishusha pamoja taratibu hadi juu ya tairi kuukuu. Akafungua klachi, kisha flaiwili, lile gurudumu zito la chuma, na nyuma yake ikaonekana sili, ngumu, imepasuka. Aliitoa kwa bisibisi aliyoizungushia kitambaa ili asiikwaruze krenki, akipiga mluzi wimbo wa kanisani. Kama angeishia hapo, angekuwa fundi mpaka leo bila ubishi.

Sili ina mdomo, ukingo mwembamba wa mpira unaobana shafti. Upande unaotazamwa na mdomo huo ndio upande unaozuiliwa. Lazarus alilijua hilo vizuri mno, na hapo ndipo alipopotelea. Kiwandani adui alikuwa vumbi la chai, lile laini linalopenya hata ndani ya soksi, na vumbi huja kutoka nje. Kila sili aliyoifunga kwenye feni na mashine za kuchekecha aliifunga mdomo ukitazama nje, kulikabili vumbi lisiingie kwenye beringi. Mikono yake ilikuwa imezoea hivyo kuliko ilivyozoea kushika kijiko. Kwa hiyo alipoiokota sili ya zamani na kukumbuka kwamba mdomo wake ulikuwa umetazama ndani, kwenye injini, aliigeuzageuza mkononi, kisha akacheka kwa huruma.

"Wajapani walikosea," alimwambia Johana.

Johana aliinama akaangalia. "Kumbe hii ilikuwa imeangalia ndani?"

"Imeangalia ndani. Na ndiyo maana imevuja."

Johana aliona si adabu kubishana juu ya sili na mtu aliyezeekea kiwandani, akaenda kukamua ng'ombe wake. Lazarus akaipaka sili mpya oili, akaigeuza mdomo nje, akaigonga polepole kwa kipande cha mbao mpaka ikakaa sawasawa pande zote. Hakujiuliza ni vipi sili iliyofungwa kinyume ilikuwa imeishi miaka yote hiyo bila kutoa tone. Wahandisi wa nchi nzima, pamoja na kompyuta zao, walikuwa wamekosea, wakisubiri azaliwe mtoto wa Ooko aje awasahihishe uani kwake, karibu na banda la kuku. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Lazarus jioni hiyo lilisikia sifa tu.

Gari liliwaka mara moja. Lilinguruma pale uani, na Lazarus akaingia tena chini, akapangusa kidole, akatoka nacho kikavu akamwonyesha mkewe. Oili ilikuwa bado inajikusanya taratibu ndani ya nyumba ya klachi, kusikoonekana. Syprose alikitazama kidole hicho, akamwambia asante, na usiku huo akapika samaki.

Siku ya soko Lazarus alisema angemsindikiza, eti amsaidie kubeba marobota. Ukweli ni kwamba alitaka kuwepo gari litakapokwenda vizuri. Walipita Kapkatet asubuhi mapema, mashamba ya chai yakiwa yamelowa umande pande zote mbili, na yeye akieleza jinsi Wajapani, kwa heshima zote, wakati mwingine hupitiwa. Syprose aliendesha akiitikia mm, mm.

Kwenye mlima wa kabla ya Kaplong injini ilianza kuunguruma zaidi huku gari likipunguza mwendo. Syprose alikanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, gari likazidi kwenda polepole, na harufu ya kitu kinachoungua ikajaa ndani.

"Hii ni nini?" aliuliza Syprose.

"Ni petroli chafu," alisema Lazarus. "Siku hizi wanachanganya."

Kisha taa nyekundu ya oili ikawaka, na Syprose akaliacha gari lipumzike kando ya barabara, akazima injini. Walishuka wote wawili. Nyuma yao, kutoka mahali gari liliposimama kuteremka hadi kwenye kona, kulikuwa na mstari mweusi unaong'aa katikati ya njia yao. Wanawake waliokuwa wakichuma chai upande wa juu walisimama na vikapu mgongoni, wakautazama mstari, kisha wakamtazama Lazarus.

Aliingia chini ya gari na shati lake jeupe. Oili ilikuwa inamiminika kwenye maungio ya giaboksi, tena bila aibu. Hapo, mgongo ukiwa kwenye changarawe, akaelewa. Kwenye injini hakuna vumbi la chai. Anayetaka kupita pale ni oili, naye yuko ndani, na yeye Lazarus alikuwa amemgeuzia mgongo. Mdomo ulipaswa kutazama ndani, vilevile kama ulivyokuwa. Alitamani abaki chini ya gari hilo mpaka giza liingie.

Aliyesimama kuwasaidia, kwa kuwa siku mbaya haiji peke yake, alikuwa Kipkemboi. Alikuwa akitoka Sotik na pikapu yake. Alishuka, akawasalimu kwa mikono, akachuchumaa akachungulia, akagusa oili na kunusa.

"Hii imefunguliwa juzi tu," alisema. "Nati ziko safi. Nani alifanya hii kazi, mama?"

Lazarus alikuwa ametoka chini na alikuwa amejiinamia akichunguza tairi lisilokuwa na tatizo lolote. Jibu alikuwa nalo tayari. Kulikuwa na fundi mmoja wa Kericho, angesema, kijana mmoja aliyependekezwa na watu, mwenye mdomo mwingi. Alikuwa ameshamtengenezea hata jina, Ondieki. Alifungua kinywa, lakini mkewe alimtangulia.

"Ni mzee wangu," alisema Syprose. "Ndiye fundi ya hii gari."

Alilisema mbele ya Kipkemboi, na mbele ya wanawake wa chai, oili ikiendelea kutiririka. Lazarus alingoja kicheko. Kipkemboi alimtazama tu, akafuta mikono yake kwenye nyasi, akasema sili hizo ni korofi, na kwamba angewavuta. Akaenda kutafuta kamba.

Walifunga kamba. Mapazia ya harusi hayangefika Silibwet siku hiyo, na Syprose aliwapigia wateja wake mmoja mmoja kuwaambia, akiomba msamaha kwa sauti ya kawaida. Lazarus alisikia kila simu. Alishika usukani wa gari lililokufa, Syprose akaketi kando yake, na pikapu ikaanza kuwavuta kurudi Litein, Lazarus akifuata taa nyekundu za Kipkemboi kwa makini, kwa kuwa kazi iliyobaki ya kufanya vizuri ilikuwa hiyo tu.

Walipokaribia mjini alisema kile alichokuwa akikimeza tangu mlimani.

"Niliweka sili kinyume, Mama Dolphine. Si Wajapani. Ni mimi. Mwambie tu asitupeleke nyumbani, atuvute moja kwa moja mpaka gereji yake. Nimeshindwa."

Syprose alikuwa akikunjua risiti iliyokunjamana mfukoni mwake, akaikunja tena.

"Unajua sasa inafaa kuangalia wapi?"

"Ndani."

"Basi atatuvuta nyumbani."

"Atatengeneza haraka kuliko mimi. Na haitavuja."

"Najua," alisema Syprose. "Gari nikiipeleka kwa Kipkemboi, itapona. Na wewe nikupeleke gereji gani?"

Macho yalimlowa Lazarus na barabara ikamchezea mbele, akalazimika kuyapangusa kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na oili. Pikapu ilifika kwenye stendi, ikapita mlango wa gereji uliokuwa wazi, na Syprose akatoa mkono dirishani kumwonyesha Kipkemboi aendelee mbele, akunje kushoto kwenye njia ya kwao.