Tipoko Asoma Tangazo

Mungu atuepushe na mtu mwenye cheti kimoja. Tangu Tipoko amalize kisomo cha watu wazima, pale sokoni hapakukalika. Manispaa ilipobandika tangazo la Kimore, lugha ya pale, kwenye nguzo, kila asubuhi alisimama mbele yake, mikono nyuma, akalisoma bila kukwama: Mwenye meza kando ya mtaro aende ofisini kuandikisha jina kabla ya Ijumaa. Asiyekwenda, meza yake atapewa mwingine.

Wauza sumbala, kile kiungo cha mchuzi, walimsifu. Rasmata, mke mwenzake mdogo, aliyekaanga bagia za kunde meza ya pili kutoka yake, hapo hapo kando ya mtaro, hakumsifu. Wawili hao walichukiana waziwazi.

"Sasa inakuwaje, dada mkubwa? Twende?"

"Twende wapi? Hujui hata herufi ya jina lako, unaniuliza mimi? Nimeshasoma, basi. Geuza bagia zako, zinaungua."

Wala Tipoko hakuwa anaficha kitu. Kule darasani kitabu kilisema Poko anateka maji, Raogo analima mtama. Ukimaliza, wenzako wanakupigia makofi matatu, mwalimu anakwambia keti. Hakuna aliyewahi kuambiwa ainuke akateke maji. Huyo mwenye meza naye, kwa Tipoko, alikuwa mtu wa kwenye maandishi.

Alhamisi Rasmata alifunga meza mapema akaondoka.

"Mvivu huyo, kachoka," Tipoko aliwaambia wateja.

Jumamosi Tipoko alikuta mwanamke mgeni amekaa mahali pake na karai lake limetupwa mtaroni. Meza ile aliachiwa na mama yake, na ndiyo iliyomlisha. Akamrukia yule mwanamke shingoni, karani wa soko akamvuta nyuma.

"Tangazo hukuliona?"

"Nani kalisoma hapa kama si mimi? Wote hawa wamelisikia kwangu."

"Hebu lisome tena."

Akaweka mikono nyuma, akasoma kwa sauti yake ile ile ya kujisikia mpaka alipofika kwenye asiyekwenda. Hapo akamjua huyo mtu ni nani. Maneno yaliyobaki aliyatoa kwa kunong'ona, na aibu ikamchoma mwili mzima.

Rasmata akaweka mwiko chini. Akampigia makofi matatu, polepole, yale yale ambayo Tipoko alikuwa akiwaringia nayo nyumbani.

"Umesoma vizuri, dada mkubwa," akasema. "Haya, keti."